Mwangwi Uliobisha

Sura ya Tisa

"Kitendawili," alisema Mama Tega.

Mkuu wa kituo hakuinua macho kutoka kwenye faili. "Si leo, dada. Kesho asubuhi yule kijana anapandishwa kizimbani."

"Kitendawili."

"Haya, tega, niishi kwa amani."

"Ninafundisha lakini chumba changu hakina mwanafunzi."

"Mwalimu Nyundo," mkuu akajibu kwa kuchoka. "Shule zilikuwa zimefungwa, naye alikuwa akijizoeza peke yake masomo ya Kiingereza ambayo angeyasoma redioni. Fundi cherehani wa chumba cha pili alimsikia akigonga meza alasiri nzima. Kwa hiyo alasiri alikuwa mzima. Jioni akakutwa chini ya ngazi za nyuma, kichwa kimepasuka, na aliyekutwa naye ni mwanawe, shati limeloa damu. Jana yake walikuwa wamegombana mpaka mtaa mzima ukasikia. Sasa hapo kitendawili kiko wapi?"

"Ndiyo nakwenda kukitafuta," alisema Mama Tega, akachukua mkoba wake.

Jina lake halisi pale kituoni walikuwa wameshalisahau. Walimwita Mama Tega kwa sababu hakuna mtuhumiwa aliyekaa mbele yake asitegewe, na wengi walitegua wenyewe mpaka mlango wa mahabusu. Kesi hii haikuwa yake. Alipewa faili asubuhi hiyo kwa sababu mpelelezi wa mwanzo alikuwa amehamishwa, akaambiwa alisome tu, atie sahihi. Yeye akalisoma mara mbili, sahihi asitie.

Mtuhumiwa alikuwa amekaa sakafuni mahabusu, miguu ameinyoosha. Mwokaji mikate, kitindamimba wa marehemu. Na kwa kuwa nyumbani walimwita Kitinda tangu utoto, hata faili la polisi lilimwita hivyo. Mikono yake ilikuwa na alama za moto wa tanuri kuanzia vidoleni hadi kwenye viwiko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimepewa mkate. Mkate wa hapa, mama, nao ni kesi ya kuchunguza."

Mama Tega akacheka kidogo, akavuta kibao akakaa. "Siku ile ulikuwa wapi?"

"Tanurini, tangu alfajiri hadi jioni. Nilikuwa na wenzangu wote, waulize. Jioni nikampelekea mkate, ndipo nikamkuta."

"Nimesoma maelezo yao. Wanasema kweli. Lakini baba yako alisikika akigonga hadi alasiri, maana yake alianguka jioni. Na jioni aliyekuwepo ni wewe."

"Basi nimekwisha," alisema Kitinda. Alisema hivyo bila kelele, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

"Ulimwambia atakufa."

"Nilimwambia, baba, utakufa kwenye ngazi hizi, njoo ukae kwangu. Nilisema kwa sauti kwa sababu kwa upole nilikuwa nimeshasema mwaka mzima."

"Kuna mtu aliyekuwa na neno naye?"

"Baba hakuwa na maadui. Alikuwa na wanafunzi." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Ila usiku ule, ugomvi ulipopoa, aliniambia kesho ana kazi ngumu. Atamwambia mtu ukweli, na mtu mwenyewe anampenda. Sikumuuliza ni nani. Ningejua…"

"Huko kugonga meza, niambie kulikuwaje."

Kitinda akanyoosha kidole, akagonga sakafu. Pigo zito, kisha pigo jepesi. *KO-ko.* Akarudia. *KO-ko.*

"Alitulea kwa mdundo huo. Alisema majina mawili ya Kiingereza yakiungana yakawa jina moja, ni kama mapacha. Wa kwanza kuzaliwa analia kwa nguvu, wa pili anafuata taratibu. *Blackboard*. *Football*. Zito, jepesi. Sisi ulimi wetu hauachi herufi itembee uchi, kila moja tunaivisha irabu. Tunakata ble-ki-bo-di, vipande vinne, halafu uzito tunauweka karibu na mwisho, kama kwenye maneno yetu. Ukisema hivyo mbele yake, anagonga mpaka urekebishe. Hata mezani, tonge liko mkononi."

"Hata akiwa mgonjwa?"

"Baba? Angekufa kwanza, mama, halafu akusahihishe."

Alipoyasikia maneno yake mwenyewe, akageukia ukuta. Mama Tega akatoa bahasha ya vielelezo kwenye mkoba. Ndani mlikuwa na pete ya ndoa, imekwaruzwa upande mmoja hadi kubonyea.

"Ilikuwa hivi?"

"Hapana. Ilikuwa nzima. Aliing'arisha kwa majivu kila asubuhi, tangu mama yetu atutoke."

"Faili linasema iliharibika wakati wa kuanguka."

"Labda," alisema Kitinda.

"Labda," alikubali Mama Tega. Lakini alikuwa ameshasoma karatasi ya daktari. Mwalimu alivunjika nyonga ya kulia na kupasuka kichwa upande wa kulia. Pete ilitoka mkono wa kushoto, na mkono ule haukuwa na hata mchubuko. Daktari alikuwa ameandika jambo jingine pia, ambalo watu walilisoma haraka wakapita: marehemu hakufa papo hapo.

*

Chumba cha Mwalimu kilikuwa ghorofa ya kwanza, kikipakana ukuta na chumba cha fundi cherehani. Fundi alikuwa mwanamke mnene mwenye pini mdomoni, na alizungumza bila kuzitoa.

"Nimeshasema yote kwa yule kijana wenu."

"Alikuuliza nini, dada?"

"Aliniuliza, ulimsikia? Nikamwambia nilimsikia. Akashukuru, akaenda zake."

"Mimi nakuuliza tofauti. Ulisikia nini?"

Fundi akazitoa pini, moja moja, akazichomeka kwenye mto. "Vishindo. Ukuta huu haupitishi sauti ya mtu, unapitisha rula ya Mwalimu tu. Miaka yote nashona kwa mdundo wake. Yeye anagonga, mguu wangu unakanyaga." Akakanyaga kikanyagio cha mashine akiwa hajaweka kitambaa. *KO-ko, KO-ko.* "Umeona? Hata wateja wananiambia nacheza ngoma."

"Na siku ile?"

"Siku ile alianza akiwa amechelewa, hata nikadhani leo kalala. Alipoanza, mguu wangu ukapotea njia kabisa. Nikakata sindano! Nikamlaani, Mungu anisamehe, sikujua namlaani mtu atakayekufa jioni ile."

"Ukapotea njia vipi? Nipigie."

Fundi akatafuta kidogo kwa kidole juu ya meza, kama anayetafuta wimbo aliousahau. *Ko-ko-KO-ko.* "Hivi. *Ko-ko-KO-ko.* Jamani, kama mbuzi mwenye mguu mmoja mbovu."

Mama Tega akasogea karibu. Akauweka mkono wake juu ya meza, akapiga vilevile. Vinne, cha tatu kizito.

"Hivyo hivyo," alisema fundi. "Nikasema Mwalimu leo amechoka. Na ule mwangwi nao ukanichanganya."

"Mwangwi upi?"

"Si kitu. Kidogo tu." Fundi akaonyesha kwa kidevu bomba la maji ya mvua lililopita nje ya dirisha lake, likishuka uani. "Juu wakigonga, kule chini kunaitika. Hafifu hafifu."

"Huo mwangwi uliitikaje?"

Safari hii fundi hakuhitaji kutafuta. *KO-ko.*

"Kitendawili, dada," alisema Mama Tega polepole. "Namwita mara nne, ananiitika mara mbili."

"Kiziwi?" Fundi akacheka, kisha akamtazama usoni, akaacha. "Kwani nimesema nini?"

"Ulishawahi kusikia mwangwi unaobishana na aliyeuita?"

Mkono wa fundi ukaenda kwenye mto wa pini ukabaki pale pale.

*

Ua wa nyuma ulikuwa mwembamba, umezungukwa na kuta, na geti lake hufungwa kwa ndani. Ngazi za chuma zilishuka kutoka mlango wa nyuma wa chumba cha Mwalimu na kuishia kwenye saruji, mahali ambapo damu ilikuwa imeshaoshwa. Mama Tega akapiga magoti pale. Kisha, bila kujali gauni lake, akalala ubavu wa kulia, kama ilivyochorwa kwenye faili. Akanyoosha mkono wa kushoto.

Vidole vyake vikagusa bomba.

Bomba lilikuwa limepakwa rangi ya kijani. Juu kidogo ya ardhi, pale pale mkono ulipofika, rangi ilikuwa imebanduka, na bati lilionekana jeupe, limejaa vijishimo vilivyolundikana mahali pamoja. Akatoa pete, akaigeuza kwenye mwanga. Ndani ya mikwaruzo yake mlikuwa na unga wa kijani. Akagonga bomba kwa pete, mara moja, akainua kichwa. Juu, kwenye dirisha, fundi alikuwa amejitokeza ghafla, ameshika shavu.

"Huo!" alisema fundi. "Mwangwi wenyewe ndio huo!"

Mama Tega akainuka, akajikung'uta. "Dada, nina kazi nawe. Rudi ukakae kwenye mashine yako. Usishone. Ukisikia ule mdundo wa mbuzi mbovu, bisha ukutani."

*

Ndani ya chumba cha Mwalimu alikuwamo mtu ambaye Mama Tega alikuwa ameshasoma maelezo yake kwenye faili. Walimwita Bwana Tai, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona shingo; hata kwenye mazishi, juani, tai yake ilikuwa imebana kooni. Alikuwa msaidizi wa Mwalimu, aliyefundisha watoto wadogo na kumbebea chaki. Sasa yeye ndiye aliyekuwa akijiandaa kuyasoma masomo ya redio mahali pa marehemu. Ubao ulikuwa bado na mwandiko wa Mwalimu: maneno ya Kiingereza, na chini ya kila neno duara kubwa likifuatwa na duara dogo.

"Karibu, mama. Pole na kazi."

"Nimeshapoa. Nipe pole ya vitu nisivyovielewa. Mimi shule yangu iliishia msingi. Hayo maduara ni nini?"

Bwana Tai akafurahi kuulizwa. Akainua kidevu, akaeleza vizuri kabisa: majina yanayoungana, sehemu ya kwanza kubeba uzito, sehemu ya pili kutulia. Alieleza kama mtu aliyekariri.

"Kumbe. Na rula ilikuwa ya nini?"

"Kuonyesha mdundo. Mwalimu alikuwa akitamka huku akigonga."

"Nigongee basi nisikie. Hilo la kwanza."

Rula ilikuwa mezani. Bwana Tai akaichukua, akakohoa kidogo. "*Blackboard*," alitamka. Mdomo wake ulijitahidi. Rula haikujitahidi, ilikwenda ilikozoea.

*Ko-ko-KO-ko.*

"Na hilo la mpira?"

*Ko-ko-KO-ko.*

"Na hilo la chumba cha kulala?"

*Ko-ko-KO-ko.*

Ukutani kukabishwa. Pigo moja, halafu mengine kwa haraka, kama mtu anayetaka kufunguliwa.

Bwana Tai akatazama ukuta. "Nani huyo?"

"Fundi. Usimjali. Maduara pale ubaoni ni mawili, mwanangu. Wewe umenigongea manne."

Akatazama rula iliyo mkononi mwake kana kwamba mtu mwingine ndiye ameiweka.

"Siku ile asubuhi ulikuja hapa," alisema Mama Tega.

"Nilikuja kuchukua chaki. Nikamwacha mzima."

"Na alasiri?"

"Nyumbani."

"Na nani?"

"Peke yangu."

"Na jioni?"

"Kwenye kikao cha wazazi shuleni, cha kupanga siku ya kufungua. Watu tele waliniona. Hayo yote yamo kwenye maelezo yangu."

"Yamo. Nimeona umetaja mashahidi wa jioni kwa majina, mpaka mfagizi. Na hakuna aliyekuwa amekuuliza habari za jioni. Mtu hupanga mashahidi wa saa anayojua itaulizwa." Akaiweka pete mezani, mbele yake. "Alasiri aliyegonga hapa hakuwa Mwalimu. Mwalimu hakuwahi kugonga vinne maishani mwake. Aliyegonga alitaka mtaa uamini kwamba mzee bado yuko hai. Fundi akaamini, polisi tukaamini, na mwana wa mtu yuko mahabusu, kesho anapandishwa kizimbani kwa kifo ambacho wakati kinaanza yeye alikuwa mbele ya tanuri."

Bwana Tai akakaa. Akaivuta tai yake, si kuilegeza, bali kuikaza.

"Mimi na Mwalimu tuliahidiana," alisema. "Tungesoma pamoja redioni. Mama yangu alishawaambia majirani wote. Asubuhi ile akaniita pale nje, juu ya ngazi, wasitusikie watu. Akaniambia, mwanangu, ulimi wako bado. Miaka yote nimembebea chaki, ananiambia bado. Na akaniwekea mkono begani."

"Kisha?"

"Niliuondoa ule mkono. Niliuondoa tu."

Nje gari lilipita, vioo vya dirisha vikatetemeka, vikatulia.

"Ukashuka kumtazama?"

"Hapana. Sikuweza. Nilimwona kutoka juu, hasogei, nikajua amekufa. Nikafunga mlango wa nyuma, nikakaa hapa hapa. Muda mrefu. Halafu nikakumbuka kwamba kila alasiri hugonga, na asipogonga, fundi atakuja kuchungulia."

"Ukagonga."

"Nikagonga."

"Na kule chini kukaitika."

Akaisukuma rula mbali naye.

"Kitendawili hiki kina jawabu, nawe unalo. Ulidhani ni nini?"

"Nilijua ni yeye." Sauti yake ilikuwa imeshuka hata Mama Tega akalazimika kuinama. "Nilipokosea, alipiga sahihi. Nikagonga tena, akapiga tena, vilevile, zito, jepesi. Yuko kule chini, amevunjika, na bado ananisahihisha. Hata pale. Hata pale hakuniachia."

"Ukafanya nini?"

"Nikagonga kwa nguvu zaidi."

Mama Tega akaichukua pete, akairudisha kwenye bahasha, akaifunga vizuri.

"Mtu aliyevunjika nyonga hamsahihishi mtu," alisema. "Alikusikia upo. Mkono wake haukujua namna nyingine ya kugonga, kama wako usivyojua. Alikuwa anabisha hodi."

Bwana Tai akaziba masikio kwa viganja vyote viwili, ingawa chumbani hakukuwa na sauti yoyote.

*

Mkuu alipopigiwa simu aliomba asimuliwe mara mbili. Akatuma askari wawili. Walipomtoa Bwana Tai kwa mlango wa mbele, mmoja wao alimlegezea tai ili apumue, naye akaomba aachiwe ilivyokuwa.

"Na Kitinda?" aliuliza Mama Tega kwenye simu.

"Nimeshafungua mlango kwa mkono wangu. Anauliza kama anaweza kupewa pete."

"Baada ya mahakama. Mwambie nitaitunza mimi mwenyewe."

"Anauliza na jambo jingine. Kama mzee aliteseka."

"Mwambie nakuja," alisema Mama Tega, akakata simu.

Alikuwa amesimama kwenye korido. Mlango wa fundi ulikuwa wazi. Fundi alikuwa amekaa kwenye mashine, kitambaa mapajani, mguu sakafuni, mbali na kikanyagio.

"Alikuwa yeye?" aliuliza fundi bila kugeuka. "Kule kwenye bomba. Alikuwa Mwalimu?"

Mama Tega akaingia, akasimama nyuma yake, akamwekea mkono mgongoni. "Mashine yako hii ina kelele, dada."

"Ina kelele."

"Mtu akishona hapa, hawezi kusikia kitu kikamilifu. Hata mimi nisingesikia."

"Ndiyo," alisema fundi.

"Basi usijitese. Ilikuwa kelele ya mashine."

Fundi akatikisa kichwa taratibu. Akanyoosha mkono, akagusa mahali sindano inapokaa, akapapasa kwa ncha ya kidole, kama anayehakikisha.

"Siku ile sindano ilikuwa imekatika, Mama Tega," alisema. "Na nyingine sikuwa nayo. Nilikaa kimya hapa dirishani, sikuchungulia chini, nikausikiliza mpaka ukanyamaza."